Shangazi, nitawaahidi vipi watu jibu ambalo mimi mwenyewe sijalipata?

Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Kayole. Mimi ni kijana wa miaka 20, kifungua mimba katika nyumba ya watoto wanne. Wazazi wangu ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao hapa mtaani wengi huwaita Wamormoni. Baba alibatizwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Alikuwa kijana wa mjengo, na wamisionari wawili walimkuta akipumzika kwenye rundo la kokoto wakaanza kuongea naye. Mimi nimezaliwa humo humo. Kwetu chai ya majani haipikwi, maana kanisa linaikataza, na ukiwajua Waluhya na chai utaelewa kwamba hilo si jambo dogo. Nyanya akija kututembelea kutoka Vihiga hubeba majani yake kwenye mkoba na kujipikia mwenyewe, na hakuna anayethubutu kumwambia neno.

Ili uelewe shida yangu, nikueleze kidogo mambo yetu. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga, na siku hiyo katika mkutano wa sakramenti hakuna mhubiri aliyepangwa. Anayeguswa hupanda mimbarini na kutoa ushuhuda wake. Wengi husema: najua kanisa hili ni la kweli, najua Joseph Smith, mwanzilishi wetu, alikuwa nabii wa Mungu, najua Kitabu cha Mormoni ni neno la Mungu. Hata watoto wadogo hupandishwa na mama zao, wakanong'onezewa sikioni, nao wakayarudia maneno hayo kwenye maikrofoni. Nilianza hivyo nikiwa mdogo sana, na sijaacha hadi leo.

Lakini Shangazi, mimi sijui. Sijawahi kujua.

Sisemi kanisa ni la uongo. Nasema nimeomba nipate kujua kama wengine wanavyosema wanajua, na sijapata kitu. Nimesoma Kitabu cha Mormoni chote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nimefunga. Nyumbani tunalala watatu chumba kimoja, kwa hivyo usiku hupanda juu ya ploti kwenye matangi ya maji, nikapiga magoti kati ya nguo zilizoanikwa, nikauliza kwa sauti. Ninachosikia ni pampu ya maji na televisheni ya jirani. Natulia, nasubiri, magoti yanaanza kuuma, nashuka. Dadangu anayenifuata alisimama mimbarini akiwa na miaka 12 akalia machozi, akasema moyo wake umewaka. Nilimwonea wivu na bado namwonea.

Sasa nimepata wito wa misheni. Barua ilikuja kwa barua pepe, na kwetu barua hiyo hufunguliwa mbele za watu. Sebule ilijaa hadi wengine wakasimama kwenye ngazi. Baba alinishikia simu nikasoma kwa sauti: Zambia, miaka miwili. Vigelegele vilipigwa, Mama akalia. Tayari nina suti mbili za Gikomba ambazo fundi amezipunguza mabega, na mashati meupe yamekunjwa chini ya kitanda. Kabla sijaondoka nitaingia hekaluni hapa Nairobi kupokea endaumenti, ibada yetu ya hekaluni ya kufanya maagano na Mungu. Ujue wazazi wangu walikopa kwenye chama wakaenda hadi Johannesburg kuunganishwa hekaluni kama mume na mke wa milele, wakati hekalu la hapa lilikuwa halijajengwa. Mimi nina hekalu karibu, na bado ninasitasita.

Askofu, yaani kiongozi wa kusanyiko letu, aliponihoji aliniuliza kama nina ushuhuda wa Urejesho wa injili, yaani kwamba Mungu aliirudisha kupitia Joseph Smith. Nikasema ndiyo. Baadaye kidogo, katika maswali yale yale, akaniuliza kama najitahidi kuwa mwaminifu katika yote ninayofanya. Nikasema ndiyo tena, nikahisi jasho likinitoka mgongoni. Kwa rais wa kigingi, anayesimamia makusanyiko kadhaa, ikawa vile vile.

Huko Zambia kazi yangu itakuwa kumpa mtu Kitabu cha Mormoni, kumfungulia sura ya mwisho ya Moroni, sehemu inayokifunga kitabu hicho, na kumwambia: soma, muulize Mungu kwa moyo wa kweli, naye atakujulisha kwa Roho Mtakatifu. Je, akinirudishia swali, "Na wewe, alikujulisha vipi?" nitamjibu nini?

Kuna pia niliyoyasoma kwenye simu. Kwamba tangu 1852 hadi 1978 wanaume weusi hawakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa letu. Kwamba Joseph Smith alisimulia ono lake la kwanza, lile la kutokewa na Mungu akiwa kijana, zaidi ya mara moja na masimulizi hayafanani kila kitu. Sijui niyaweke wapi.

Si kwamba sijawahi kuhisi lolote zuri. Wakati wa mafuriko ya 2024, vijana wa kanisa tulienda Mukuru kusaidia watu kutoa matope majumbani. Kuna mama mmoja tulimtolea godoro, sufuria, kila kitu, tukamwoshea sakafu, na jioni nilirudi nyumbani nikiwa na utulivu moyoni ambao siwezi kuueleza. Lakini hayo ni mambo ya kazi, si ushuhuda.

Nimemwambia dadangu pekee. Akasema huenda kuna dhambi sijaungama. Nimezitafuta, Shangazi. Nimeungama hadi vitu vya darasa la sita. Baba sijamwambia. Yeye mwenyewe ni mtu wa maneno machache, hata mimbarini husimama kwa nadra.

Je, niende hivyo hivyo nikitumaini jibu litanikuta huko? Au nimwambie askofu, nivunje moyo wa Mama? Na Jumapili ya mfungo inayokuja wote wanatarajia nisimame niage. Nikisimama niseme nini?

Asiyejua, Kayole.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu,

Pole kwa huo mzigo, na ahsante kwa kuniamini nao. Kwanza nikwambie ninapokaa: mimi si wa kanisa lenu. Nimelelewa ACK, Kanisa la Anglikana la Kenya, katika nyumba ya ndugu wa uamsho, wale wa Tukutendereza, ambao moto wao ulianzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukafika hadi kwetu. Kwa hivyo sitakwambia kama Joseph Smith alikuwa nabii au hakuwa. Lakini kukaa katika mkutano ambamo kila mtu ana lake la kusimulia isipokuwa wewe, hilo nalijua vizuri. Mamangu alijua siku aliyookoka, saa, na hata rangi ya gauni alilovaa. Sisi watoto tulikuwa tunaulizwa mbele za watu, "Na wewe je, uliokoka lini?" Wapo waliojitungia tarehe.

Naona umeandika zaidi kuhusu kimya cha Mungu. Nashuku, hata hivyo, kwamba si kimya hicho kinachokunyima usingizi. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na swali lisilojibiwa. Kinachokukaba ni kwamba umeishasema umejibiwa, tena umesema mbele ya watu unaowaheshimu, na sasa unapelekwa nchi nyingine kuyasema hayo hayo kila siku. Imani ni jambo moja, ukweli wa kinywa chako ni jingine, na ukiyachanganya utajikuta unamwomba Mungu akuokoe kutoka kwenye aibu huku unadhani unamwomba ushuhuda.

Sasa niruhusu nikuulize: nani alikwambia ushuhuda lazima uwe na sura ya ule wa dadako?

Maneno hayo ya moyo kuwaka yanatoka katika Mafundisho na Maagano, kitabu kingine cha maandiko yenu, sehemu ya 9. Mwaka 1829 Oliver Cowdery, mwandishi wa Joseph Smith, alitaka kutafsiri maandiko kama Smith mwenyewe akashindwa, naye akaambiwa ayachunguze mambo akilini mwake kwanza, kisha aulize, na kama ni sawa kifua chake kitawaka ndani yake. Aliambiwa mtu mmoja kuhusu kazi moja. Vizazi vilivyofuata vimelifanya kuwa kipimo cha kila mtu. Na si mimi mtu wa nje ninayelitilia shaka. Dallin H. Oaks, alipokuwa miongoni mwa Mitume Kumi na Wawili, viongozi wakuu wa kanisa lenu, aliandika mwaka 1997 kwamba amekutana na watu waliodhani hawajawahi kupata ushahidi wowote wa Roho kwa sababu hawajawahi kuhisi kifua kikiwaka, akaeleza kwamba kuwaka huko ni faraja na utulivu. Utulivu, mwanangu. Neno hilo umeniandikia wewe mwenyewe, ukiwa umetoka Mukuru na matope miguuni, halafu ukaliweka kando ukasema ni mambo ya kazi.

David A. Bednar naye, mtume mwingine, katika mkutano mkuu wa Aprili 2011, alisema kuna ufunuo unaokuja kama taa iliyowashwa ghafla chumbani, na kuna unaokuja kama mapambazuko, ambapo huwezi kusema ni dakika gani giza liliondoka. Akaongeza kwamba huu wa pili ndio wa kawaida zaidi. Katika sehemu ya 46 ya kitabu hicho hicho karama zinaorodheshwa: wengine wamepewa kujua, na wengine wamepewa kuamini maneno ya hao waliojua. Mstari huo wa pili sidhani huwa unasomwa sana siku ya mfungo. Usome. Huenda wewe ni wa huko, na huko nako kumeitwa karama.

Lakini sitaki kukuchezea. Ningeweza kukwambia, "Basi, ule utulivu wa Mukuru ndio ushuhuda, funga sanduku uende." Ningekuwa nakudanganya. Kumwoshea mama wa watu sakafu kunaweza kumtuliza Mwislamu, Mkatoliki, hata mtu asiyesali kabisa. Hakuthibitishi kwamba mabamba ya dhahabu, yale ambayo Joseph Smith alisema ndiyo asili ya Kitabu cha Mormoni, yalizikwa kilimani kule New York. Kunakuonyesha pengine mahali ambapo wewe husikia, kama Mungu anasema nawe. Cha kufanya na hilo utakijua mwenyewe.

Kuhusu dadako: anakupenda, na amekupa jibu alilofundishwa. Ahadi ile ya Moroni ina masharti, kwamba uulize kwa moyo wa kweli, kwa kusudi halisi, ukiwa na imani katika Kristo. Mtu akiomba asipate, ni rahisi sana kuhitimisha kwamba moyo wake haukuwa wa kweli. Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba haina mlango wa kutokea. Ukijibiwa, ahadi ni ya kweli. Usipojibiwa, kosa ni lako. Mtu mnyoofu kama wewe anaweza kuzunguka humo hadi akaugua. Uliponiambia umefika darasa la sita katika kuungama, nilisikitika. Acha kuchimba. Hata Zaburi ya 13 inaanza na mtu anayelalamika, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na hakuna anayemjia kumuuliza ameficha dhambi gani. Na kama kuchimba huko kunakukosesha usingizi au hamu ya chakula, tafuta mshauri nasaha uzungumze naye ana kwa ana, kabla ya misheni na kabla ya lolote.

Yale ya 1978 ningekuomba usiyafagilie chini ya zulia, maana wewe ni kijana Mwafrika na yanakuhusu. Brigham Young, rais wa pili wa kanisa lenu, alitangaza katazo hilo mwaka 1852, likakaa hadi Juni 1978 chini ya rais Spencer W. Kimball, ambaye inasimuliwa alikuwa akienda peke yake hekaluni kule Salt Lake kuliombea kwa muda mrefu. Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo yanayoyakana yale mawazo ya zamani yaliyotumika kuhalalisha katazo hilo. Masimulizi mbalimbali ya ono la kwanza nayo yamechapishwa na kanisa. Kwa hivyo hukusoma siri za maadui. Waumini husoma habari hizo wakabaki. Wengine husoma wakaondoka. Wapo wanaosema: kama manabii walikaa zaidi ya karne bila kulipata hilo sawasawa, mimi nitawaaminije? Na wapo wanaosema: kama hata rais wa kanisa ilimbidi aombe kwa muda mrefu, basi kimya changu si cha ajabu. Sijui wewe utaegemea wapi. Najua tu kwamba baba yako alibatizwa Nairobi miaka michache baada ya kanisa kusajiliwa Kenya mwaka 1991, na hayo yote yalikuwa yameishatokea. Sijui kama aliambiwa.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwa baba yako. Umesema kwa kifupi tu kwamba ni mtu wa maneno machache na husimama mimbarini kwa nadra. Umewahi kujiuliza kwa nini? Kijana wa mjengo anabatizwa katika kanisa ambalo hapa mtaani hakuna aliyelijua, anaacha chai ya kwao, anakopa nauli ya Johannesburg, halafu haonekani mbele kila mwezi akisema anajua. Inawezekana ni aibu tu ya maikrofoni. Inawezekana pia kwamba amebeba miaka yote hii kitu kinachofanana na chako. Ningekuwa wewe ningeanza na yeye, kabla ya askofu. Si kwa kumwambia "Baba, siamini," kwa sababu hata wewe hujafika huko. Muulize yeye alijuaje, na kama hakujua, alibaki kwa sababu gani. Mtafute mkiwa wawili, mnatembea kwenda stejini au mnarekebisha kitu. Wanaume wa namna hiyo huongea vizuri mikono ikiwa na kazi.

Sasa njia zilizo mbele yako.

Kwenda inavyopangwa, kwanza. Si upumbavu, na wapo wamisionari wengi wanaosema ushuhuda wao waliupatia huko huko, katika kufundisha. Marehemu Boyd K. Packer, aliyekuwa mtume, alifundisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba ushuhuda hupatikana katika kule kuutoa. Kuna ukweli ndani yake: mambo mengi ya moyo hukomaa kwa kutendwa. Ila mafundisho hayo hunipa wasiwasi kidogo pia, kwa sababu mtu anayesema jambo akielekea kuliamini na mtu anayelisema ili asiulizwe maswali hutumia maneno yale yale, na ni wewe pekee unayeweza kujua ni yupi anayeongea. Ukienda ukiwa yule wa pili, miaka miwili ni mirefu. Utakuwa na mwenza kando yako saa zote, huna hata juu ya ploti pa kupandia. Na kurudi katikati ya misheni, watu wakakukuta nyumbani kabla ya wakati, ni aibu ambayo vijana wengi wameipata bila kustahili. Faraja ni kwamba tangu 2019 wamisionari huruhusiwa kuongea na jamaa zao kwa simu kila wiki, kwa hivyo hutakuwa umefungiwa.

Au unaweza kuomba muda. Wavulana hupokelewa kuanzia miaka 18 hadi 25, na wewe una 20. Hakuna mlango unaofungwa. Wito uliokwisha kutolewa unaweza kusogezwa kwa kupitia askofu na rais wa kigingi. Gharama yake unaijua: maswali ya watu, suti zinazoning'inia, Mama akiulizwa sokoni "Kijana ameenda?" Na kuna hatari nyingine ambayo watu hawaitaji, kwamba muda ukipita bila wewe kufanya chochote tofauti, utajikuta mwakani juu ya ploti ile ile na swali lile lile. Ukiomba muda, uwe na la kufanya nao. Ipo pia misheni ya huduma, ambayo mtu huishi nyumbani na kufanya kazi za kusaidia jamii. Uliza kama inapatikana kwa hali yako. Kwa kijana aliyetulizwa na matope ya Mukuru, ningeliuliza hilo swali.

Njia yoyote utakayoshika, sioni unavyoweza kumkwepa askofu. Nakusihi tu uende kwake kabla ya siku ya endaumenti, kwa sababu maagano hayo kwenu ni mazito, na kuyafanya huku unatokwa na jasho mgongoni si haki kwako wala kwa hicho unachoahidi. Unaogopa atakuona mwongo. Ingawa siwezi kukuhakikishia atakavyokupokea, maana maaskofu ni watu, nadhani amewahi kusikia zaidi ya hili. Katika kanisa lenu askofu halipwi mshahara. Ni mtu mwenye kazi yake wiki nzima, na kuna uwezekano mkubwa naye alikuwa kijana mwenye maswali. Unaweza kumwambia hivi: "Nilijibu ndiyo kwa sababu natamani iwe ndiyo. Nataka nijibu upya." Hapo hujamkana Mungu, na swali lile la uaminifu lililokutoa jasho utakuwa umelijibu kwa matendo.

Mama atalia, sitakuficha. Lakini ujiulize alilia nini siku ile barua iliposomwa. Huenda alilia kwa Zambia. Huenda alilia kwa kuona mwanawe amekuwa mtu wa Mungu. Kama ni hilo la pili, mwana anayekataa kusema asichokijua hajampokonya chochote. Asipoliona hivyo mara moja, mpe muda, na umruhusu nyanya wa Vihiga akae naye kidogo. Mama anayebeba majani yake ya chai katika nyumba ya watu wasiokunywa chai anajua kitu kuhusu kuishi na watu unaowapenda bila kukubaliana nao kwa kila jambo.

Kuna jambo moja gumu, nalo nalisema kwa sababu barua yako ina ukweli mwingi na haistahili kujibiwa nusunusu. Inawezekana kimya kitaendelea. Wapo watu wanaobaki katika kanisa lao maisha yote wakiishi kwa tumaini tu, na wanaishi vizuri. Wengine hufika mahali wakasema kwa amani kwamba hapa si kwangu. Hulazimiki kuamua hilo mwezi huu, wala mimi sina haki ya kukusukuma upande wowote. Ninachokuombea ni kwamba ukifika popote, uwe umefika kwa miguu yako, si kwa kuogopa vigelegele vya sebuleni.

Umeuliza useme nini Jumapili. Kwanza, hulazimiki kusimama. Mfungo si mahakama, na baba yako hukaa kwenye kiti chake na hakuna anayemfukuza. Lakini kama utasimama, sema yale uliyo nayo. Unaweza kuwasimulia Mukuru: yule mama, godoro, sakafu, na jinsi ulivyorudi nyumbani jioni ile. Unaweza kusema unatamani kumjua Mungu na kwamba umekuwa ukimwomba. Unaweza kutumia maneno ya yule baba katika Marko 9, aliyemleta mtoto wake kwa Yesu akalia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Jeffrey R. Holland, aliyekuwa mtume wenu pia, alilihubiri andiko hilo katika mkutano mkuu wa Aprili 2013, akawahimiza wenye mashaka washike walichokwisha kupata na wasijifanye wana imani wasiyokuwa nayo, kwa hivyo hakuna atakayesema umelitoa kanisa jingine. Kisha ushuke ukae. Na mtoto wa mtu akipandishwa baada yako akanong'onezewa maneno sikioni, usimchukie mama yake.

Uniandikie tena ukishaongea na baba yako.

Shangazi.